Fungu la Nne

Jumapili, saa nne asubuhi. Mvua imeanza tangu alfajiri na bado haijachoka. Bati la chumba changu hapa Buza linapiga kelele mpaka sisikii redio ya jirani, na leo hilo naliona ni neema. Tumbo limejaa. Magoti yananiuma, kama kawaida yake yakinusa mvua.

Kesho saa mbili asubuhi Injinia anataka jibu. Naenda naye Dodoma au siendi. Nimeamka na swali hilo, nimeswali nalo, nimekunywa nalo chai. Jibu bado sina.

Ngoja niandike ya jana kwanza. Labda nikiyaona yamekaa kwenye maandishi nitajua la kufanya.

Jana mchana nilikula kwenye ile hoteli mpya kule Posta. Ndiyo, ile ile. Ghorofa ya kumi na moja, mgahawa wa Kiitaliano wa nyama za kuchoma. Miezi mitano ya mwisho nimeishi mle ndani kwa magoti, naweka vigae, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitakaa kwenye kiti chake. Injinia Mushi, mkandarasi wetu, ana desturi hiyo: kazi ikikabidhiwa, anachukua mafundi wawili anakwenda kula nao mahali pale pale walipojenga. Safari hii alinichukua mimi na Masanja, Msukuma tuliyepiga naye kazi tangu msingi.

Mlinzi wa mlangoni ni yule yule aliyekuwa anatupekua mifuko kila jioni. Jana alinifungulia mlango wa mbele, akaniita bosi, halafu akanitazama vizuri.

"Aa! Kumbe wewe!"

Lakini mlango hakuufunga. Nilipita.

Nikiri jambo moja. Sikuweza kutembea kama watu wengine. Nilitembea nikitazama chini. Karibu na nguzo ya tatu kuna kigae ambacho chini yake udongo haukujaa, ukikigonga kinalia kama debe. Najua mimi tu. Nilikizunguka. Wateja walikuwa wanapita juu yake na viatu vyao vya kung'aa, na hakuna hata mmoja aliyeangalia sakafu. Nadhani hiyo ndiyo sifa ya kazi nzuri, kwamba hakuna anayeiona. Ila iliniuma kidogo.

Injinia alikuwa ameshakaa. Alisimama, akaniambia, "Shikamoo, fundi." Nje ya saiti huwa ananiamkia, maana nimemzidi kama miaka kumi. Ndani ya saiti huniita wewe.

Walituletea mkate na kisahani cha mafuta ya zeituni, wakasema tuchovye. Mimi mafuta ya zeituni nayajua kama dawa. Marehemu mama alikuwa nayo kwenye kichupa kidogo, anatuchua kifuani tukikohoa, huku anasoma dua. Nikachovya, nikala, ni matamu kwa namna yake. Lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwenye magoti. Nilitamani nikipeleke kile kisahani chini ya meza.

Halafu zikaja tambi, na tambi zenyewe zina chumvi, na jibini, na pilipili manga. Nilikula, sikatai chakula. Ila mdomo wangu ulikuwa unasubiri sukari na iliki na tui la nazi, kama zile za futari nyumbani, mama anazipakua kwenye bakuli la bati, na sisi watoto ambao hata hatukufunga tumekaa mstari wa mbele.

Mhudumu wetu alikuwa dada mmoja mwembamba, jina lake Rehema. Alikuja na kalamu yake kuuliza nyama iive vipi. Mimi nikamuuliza kwanza.

"Dada, nani kachinja?"

Injinia akacheka. Dada hakucheka.

"Machinjioni, kaka. Mwislamu. Hata mimi mwenyewe naila." Akaniangalia kwa jicho la upande. "Kaka, wewe si Mzigua?"

"Umejuaje?"

"Mzigua tu ndiye anayemuulizia mchinjaji kabla hajauliza bei."

"Na wewe Msambaa, kwa unavyonisimanga."

"Korogwe. Masuguru pale. Mama ndiyo wa Bumbuli."

Sijui kwa nini, lakini nilipolisikia jina la Masuguru nilikaa vizuri kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza. Akaanza kunisemesha Kisambaa, nikamjibu Kizigua, tukaelewana. Masanja akasema Watanga sasa wameshaanza mkutano wao, basi na nyama waikatie kadi ya uanachama.

"Iive nusu," Injinia akasema. "Ndani iwe nyekundu. Ndiyo wanavyokula wenyewe."

"Dada, iive," nikasema mimi.

"Mpishi atalia."

"Alie."

Wakati tunasubiri, Injinia akalitoa lililomleta. Amepata kazi ya hoteli Dodoma, mwaka mmoja na nusu, pengine na zaidi. Anataka niwe msimamizi wa mafundi wote wa vigae.

"Hutapiga goti tena, fundi," akaniambia. "Utasimama, utaonyesha kwa kidole. Magoti yako nayaona unavyoshuka ngazi. Yamekwisha."

Ni kweli. Yamekwisha. Nina miaka arobaini na saba na nashuka ngazi kwa kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimame nionyeshe kwa kidole. Moyo uliruka, siwezi kuficha.

Lakini nilimwahidi baba. Miaka miwili iliyopita, kwenye simu, nilimwambia hoteli hii ikiisha narudi Sindeni. Sikusema nitajitahidi. Nilisema narudi. Na miaka minne sasa sijakanyaga kule.

Nikamwambia Injinia anipe muda. Akasema mwisho Jumatatu saa mbili, maana gari la vifaa linaondoka.

Ndipo nyama ikaja.

Kwetu ukienda buchani ukaomba steki, unapewa nyama tupu isiyo na mfupa, na unalipa zaidi ya yule anayechukua mchanganyiko. Hii steki ya Waitaliano ilikuwa na mfupa mkubwa kama nyundo yangu ya mpira. Moja, ya watu watatu, juu ya ubao, imekatwa vipande vinene vikalazwa tena kando ya mfupa wake. Nje nyeusi, ndani nyekundu. Mpishi hakulia.

Masanja akaitazama muda. "Injinia, hii kwetu bado ingeitwa kwa jina lake. Na ingeitika."

Tulicheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Injinia akafuta macho, akanisogezea ubao.

"Wewe ndiye mkubwa hapa, fundi. Anza."

Yeye alimaanisha nichukue kipande changu. Sasa hivi hilo nalielewa. Jana sikulielewa. Nyama nzima ipo mbele ya watu, mkubwa anaambiwa aanze. Kwetu hilo lina maana moja tu.

Nikachukua sahani kubwa iliyokuwa na mkate, nikautoa mkate, nikaanza kugawa mafungu. Kila fungu lipate chenye mafuta, lipate kisicho na mafuta, lipate kilichokaa karibu na mfupa maana ndicho kitamu. Moja likiwa dogo naliongezea kipande cha pembeni. Nilifanya taratibu, kwa mikono, nimeshauweka uma pembeni. Rehema alisimama na kibakuli chake cha mchuzi, akasubiri. Nadhani alijua ninachofanya. Masanja alijua. Injinia alinitazama kama mtu anayemtazama fundi akipima.

Nilipomaliza nikajifuta mikono, nikaona yapo manne.

Tulikuwa watatu.

"Mzigua," Masanja akasema, "la nne la nani? La mpishi?"

"La baba."

Mdomo ulisema kabla yangu.

"Mzee yuko hapa Dar?" Injinia akauliza.

"Yuko Sindeni. Handeni huko."

Masikio yalinichemka. Mtu mzima, kwenye hoteli ya ghorofa kumi na moja, natenga nyama ya mzee aliye mbali siku nzima ya basi. Nikaanza kuvirudisha vile vipande kwenye ubao. Rehema akaichukua ile sahani mkononi mwangu, polepole, akasema, "Acha kaka. Hili nitalifunga." Akalifunga kwenye kiboksi, akaniletea pamoja na maji ya kunawa ambayo sikuyaomba.

Nyekundu ile niliila. Si mbaya. Ni laini, inakwenda yenyewe. Sikuimaliza kwa furaha lakini.

Sasa nieleze, maana anayesoma hapa anaweza kudhani nilichanganyikiwa.

Sindeni, Idd Kubwa, nyumba kama kumi na mbili zilikuwa zinachanga ng'ombe mmoja. Baba ndiye aliyekuwa anagawa. Walitandika majani ya migomba chini, yeye anachuchumaa na kisu chake cheusi, anaweka fungu baada ya fungu, anarudi nyuma, anatazama, anatoa kipande hapa anaongeza pale. Maini yalikuwa yameshaliwa asubuhi. Akiridhika, mzee mmoja, jirani yetu mzee Semboja, anakaa kwenye kigoda na kuwapa watu mgongo ili asiyaone mafungu. Baba anagusa fungu kwa fimbo, anauliza, "Hili la nani?" Mzee Semboja, anatazama porini, anataja jina lolote la watu waliochanga. Basi. Umepata shingo, umepata paja, hakuna kunung'unika. Hata mkorofi wa kijiji hakunung'unika.

Na waliokuwa mbali nao walitajwa. Hilo ndilo nililotaka kulisema. Baba mdogo Omari alikuwa kibarua kule Hale, kwenye mitambo ya umeme, anarudi mara moja kwa miezi mitatu. Fungu lake lilikuwepo. Jina lake liliitwa kwa sauti ile ile kama vile amesimama pale. Mama alilibanika, akalitundika juu ya mafiga, likakaa na moshi mpaka likawa gumu kama soli ya kandambili. Baba mdogo alipofika, mama alilichemsha mchana kutwa na kulipika na karanga, na yeye akala peke yake kwenye kijamvi, taratibu, na sisi tumesimama mlangoni tunameza mate.

Nilimwonea wivu sana. Watoto hatukuwa na jina kwenye mafungu. Nikatamani na mimi niwe mtu wa mbali, ili siku ya Idd mtu atazame porini na kunitaja.

Hayo maombi yalikubaliwa.

Miaka ya mwanzo nilipotoka, nyumbani walinitengea. Nilipokwenda kusalimia nilikuta limening'inia, na nilikaa kwenye kijamvi kile kile. Nadhani hakuna chakula nilichowahi kula kikanifanya nijione mtu kama kile.

Nimekumbuka na kingine leo, sijui kinahusiana vipi. Mara ya kwanza kuona vigae maishani mwangu ilikuwa buchani, Korogwe, pale Manundu. Baba alikuwa amenipakia nyuma ya baiskeli kutoka Sindeni, nusu siku nzima, kwenda kuninunulia daftari za kidato cha kwanza. Akapitia bucha, akanunua nusu kilo ya mchanganyiko. Ukuta wa bucha ulikuwa mweupe, miraba miraba, unang'aa, maji yanateleza juu yake. Niliweka kiganja. Baridi. Sikujua kama ukuta unaweza kuwa safi hivyo. Baba akaniambia toa mkono utauchafua, mwenye bucha akasema mwache. Nilibandika mkono wangu pale mpaka nyama ikafungwa. Shule niliiacha kidato cha pili. Ule ukuta sikuuacha.

Leo saa moja asubuhi nilifungua kile kiboksi. Sina friji. Mama mwenye nyumba anayo, ningeweza kumpelekea jana. Sikupeleka. Nilikaa kitandani nikala vile vipande, vimepoa, na mafuta yameganda, kwa chai ya rangi.

Nimekula fungu la baba.

Halafu nikapiga simu. Alipokea dada yangu mkubwa, Mwanaidi, anayekaa naye. Shikamoo, marahaba, mvua je, mvua ipo. Akampelekea baba, nikasikia anamwambia kwa sauti ya juu ni nani, mara mbili.

"Umekula nini jana?" baba akauliza. Ndilo swali lake siku zote, nyumbani au kwenye simu.

"Nyama, baba. Nyama ya Waitaliano. Wanaileta nusu mbichi."

"Kuni zimewaishia?"

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka. Basi nikamweleza na lile fungu la nne, jinsi lilivyotokea. Nilimweleza kama kichekesho. Nilitaka acheke.

Hakucheka. Nikadhani mtandao.

"Idd hii la kwako halikuwekwa," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Nilisahau." Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ndala ya mwenzie. "Siku hizi hatuchangi ng'ombe, tulichanga mbuzi watu wanne. Wakaniuliza majina ya kwangu, nikayataja. Jioni dada yako ananiambia, baba, na yule wa Dar? Nikamwambia ala! Tena huyo! Nyama imekwisha. Usiweke moyoni. Kichwa kimechoka, na haya macho."

Nikamwambia siweki moyoni.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya, ningeomba radhi, ningetuma kanzu. Lakini hakuninyima. Aliyataja majina ya watu wake, mmoja mmoja, na langu halikuja mdomoni.

Halafu akauliza, "Ile hoteli imeisha?"

Miaka miwili hakuwahi kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasema bado, bado kidogo, bila kuulizwa.

"Imeisha, baba."

"Haya. Mahindi huku yameshatoka." Akamrudishia Mwanaidi simu.

Nimekaa saa nzima nikiitazama hii mvua. Nitasema ukweli wangu wote. Narudi, na si kwa sababu mimi ni mtoto mwema. Mtoto mwema hakai miaka minne. Narudi kwa sababu nimeogopa. Nilikuwa nadhani kule kunanisubiri, kumekaa pale pale, kama kigae ukishakiweka. Na ndani ya hofu hiyo kuna kinyongo pia, nataka anione usoni ashindwe kunisahau. Kinyongo cha mtu mwenye mvi na baba yake asiyeona vizuri. Ni aibu, lakini kipo.

Na Dodoma naitaka. Kusimama na kuonyesha kwa kidole, nakutaka mpaka kwenye mifupa. Sindeni hakuna kitu kama hicho. Kule ni jembe, au nikapige goti tena kwenye nyumba za watu Manundu, wanajenga sana siku hizi, Rehema aliniambia. Nitapiga goti mpaka siku nitakaposhindwa kuinuka. Hilo nalijua na ninaliandika hapa ili baadaye nisije nikasema sikujua.

Nimemwandikia Injinia. Nilifuta mara tatu.

"Injinia, habari za Jumapili. Dodoma siendi. Nilimwahidi mzee. Usimamizi mpe Masanja, anajua kupima kuliko mimi, tatizo lake ni mdomo tu. Asante kwa chakula."

Amejibu baada ya muda mfupi. "Fundi, umeyafikiria magoti?"

"Nimeyafikiria."

Hajajibu tena. Nilitazama simu kidogo, nikaona kifua kimekaa kimya. Sikutegemea. Nilidhani kitapiga kelele.

Masanja kapiga yeye, Injinia keshamwambia. Anapiga makelele, eti sasa yeye ni bosi na mimi nimwamkie. Nikamwambia nitamwamkia siku Msukuma atakapojua kukata pembe ya kigae bila kukivunja. Halafu akatulia, akasema, "Mzigua, nenda. Mimi wa kwangu nilichelewa." Akakata simu kabla sijasema kitu. Miaka yote tumekaa pamoja, sikujua.

Jumanne nitapanda basi. Nitashukia Korogwe, Mwanaidi kasema atanitafutia bodaboda wa kunipeleka mpaka nyumbani, kama barabara haijaharibika kwa mvua. Vifaa vyangu vyote nachukua, mpaka mashine ya kukatia.

Siku ya kwanza siiogopi. Siku ya kwanza ni salamu, ni nani amekufa na nani ameoa, ni watu kuja kukaa uani, ni kula. Nitamshika mkono, nitasema shikamoo baba, atauliza nimekula nini njiani.

Ni ile ya pili. Asubuhi yake, wageni wameondoka, Mwanaidi amekwenda shamba, tumebaki mimi na yeye kwenye baraza. Tutaongea nini?